KUTOKA KURUTA HADI NISHANI: MANENO NA MAISHA YA ASKARI KATIKA GARISSA NA KASKAZINI MASHARIKI YA KENYA

1. Utangulizi

Historia ya kuenea kwa Kiswahili imezoea kuandikwa kwa kufuata njia tatu: njia ya misafara ya wafanyabiashara, njia ya misheni na shule, na njia ya utawala. Njia ya nne, yaani ile ya jeshi, imetajwa na wengi lakini imefuatwa na wachache. W. H. Whiteley aliigusia katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya kukua kwa Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Na mwaka 2004 Mungai Mutonya na Timothy Parsons walichapisha uchunguzi mahsusi wa lugha ya jeshi la kikoloni la Kenya, ambayo waliiita KiKAR. Lakini katika kazi hizo macho ya mtafiti yameelekea zaidi kambini. Insha hii yakusudia kuitazama lugha hiyo ikiwa imetoka kambini na kufika mahali pamoja maalumu: Garissa na nchi iliyo mashariki na kaskazini yake, hadi Wajir, Mandera na Moyale.

Madhumuni yetu ni mawili. La kwanza ni kuonyesha kwamba kila hatua ya maisha ya askari, tangu kuandikwa na kufunzwa hadi kupigana na kutuzwa, ina maneno yake, na kwamba maneno hayo yametufikia kwa njia ndefu ambayo yafaa kujulikana. La pili ni kuuliza swali zito zaidi: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kutaja? Katika Kaskazini Mashariki, kuitwa askari, raia au shifta halikuwa jambo la msamiati tu. Kwa watu wengi lilikuwa jambo la uhai na mauti.

2. Njia ya maneno: afande na wenzake

Na tuanze na neno ambalo kila msomaji analijua. Kuanzia Garissa hadi Dar es Salaam, na kutoka Mombasa hadi Kampala, mkubwa wa jeshi au polisi huitwa afande. Raia naye huliazima neno hilo asimamishwapo barabarani, hata kama aliyemsimamisha hana cheo chochote. Asili yake ni neno la Kituruki, efendi, ambalo nalo Waturuki walilipata kwa Wayunani. Kwa Waturuki lilikuwa neno la heshima kwa bwana mwenye elimu au mwenye cheo. Lilifikaje kwetu?

Lilikuja kwa miguu. Jeshi la Misri la karne ya 19 lilikuwa na vyeo vya Kituruki, na jeshi hilo liliwaandika Wasudani kwa wingi. Baada ya dola ya Mahdi kulikata jimbo la Ikweta na Misri, askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha walibaki peke yao karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwakuta huko Kavalli pamoja na kiongozi wao Selim Bey, akawachukua kuwa askari wa kampuni ya Kiingereza katika Uganda. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera. Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Uganda, vya Afrika Mashariki na vya Nyasaland viliunganishwa kuwa kikosi kimoja, King's African Rifles. Watu hawakupata tabu na jina hilo refu: walichukua herufi zake tatu za mwanzo, KAR, wakazifanya neno, Keya.

Vyeo vya Kituruki viliingia katika Keya pamoja na wenyewe. Koplo aliitwa ombasha, neno ambalo kwa Kituruki maana yake ni mkuu wa watu kumi. Sajini aliitwa shaushi, kutokana na çavuş. Juu yao walikuwako yuzbashi, mkuu wa mia, na bimbashi, mkuu wa elfu; lakini haya mawili hayakudumu, kwa kuwa vyeo hivyo vilikuwa vya Wazungu na Wazungu walikuwa na majina yao. Hapa twaona kanuni ya kwanza ya msamiati wa jeshi: neno huishi pale ambapo Mwafrika aliruhusiwa kufika. Ombasha na shaushi yameingia katika kamusi zetu kwa sababu Waafrika walikuwa maombasha na mashaushi. Neno effendi lenyewe lilirudishwa rasmi katika Keya katika miaka ya 1950 kuwa cheo cha juu kabisa cha Mwafrika, kilichosimama kati ya sajini na afisa wa Kizungu. Cheo hicho kilikufa pamoja na ukoloni. Neno lake halikufa. Lilishuka kutoka begani likakaa ulimini, likawa afande.

Pamoja na hayo yalikuja maneno kutoka pande nyingine. Askari na risasi ni ya Kiarabu. Bendera ni ya Kireno. Singe, yaani kisu cha bunduki, imetoka Bara Hindi pamoja na asili yake ya Kiajemi. Kuruta, gwaride, kambi na korokoroni yametokana na Kiingereza. Korokoroni hasa yafaa kukumbukwa, kwani ni jina la mahali pa walinzi wa zamu ambalo, kwa kuwa wakosaji walifungiwa hapohapo, limekuwa jina la mahabusu. Mtu angeweza kuisoma historia ya Bahari ya Hindi yote katika mali ya askari mmoja asimamaye kwenye mstari.

3. Nchi iliyofungwa na maneno ya rangi ya kilemba

Nchi tunayoizungumzia ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ijulikanayo zaidi kwa herufi NFD. Utawala wa Kiingereza ulianza kuweka vituo huko kuanzia mwaka 1909 na 1910, na tangu mwanzo ulikuwa utawala wa bunduki. Kati ya mwaka 1921 na 1925 wilaya hiyo iliwekwa moja kwa moja chini ya maafisa wa jeshi. Sheria zilizofuata, hasa ile ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalumu, ziliifanya kuwa nchi iliyofungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila hati. Shule zilikuwa chache mno, na misheni pia. Kwa hiyo njia mbili kati ya zile tatu za kuenea kwa Kiswahili hazikufika huko kwa nguvu. Kiswahili kilimfikia mfugaji wa Garissa na Wajir kutoka vinywa viwili, mwenye duka na askari. Na cha askari kilikuwa ndicho chenye sauti kubwa zaidi. Twaweza kusema kwamba Kiswahili kilimfikia kikiwa kimevaa sare.

Tena Kiswahili hicho kilikuwa cha namna yake. Askari wa Keya alikuwa Mnubi, Mnyasa, Mkamba, Mnandi au Mwacholi, na afisa wake alikuwa Mwingereza aliyetakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Lugha waliyokutania ilipunguza upatanisho wa ngeli, ikatumia hapana mahali pa viambishi vya kukanusha, na ikapenda sana amri. Mtu aliweza kusema "mimi hapana jua" au "watu yote simama" na akaeleweka kutoka Zomba hadi Moyale. Wanaojali usanifu wa lugha wameidharau lugha hiyo, na si bila sababu. Lakini kwa mtafiti ni ushahidi: lugha yenye amri nyingi na maswali machache yaonyesha aina ya mazungumzo yaliyoruhusiwa kati ya waliozungumza.

Wasomali, Waborana na watu wengine wa nchi hiyo hawakuwa watazamaji tu. Serikali iliwaandika vijana wao kuwa polisi wa kikabila, na hao waliitwa dubas. Neno hili ni la Kisomali, duub cas, yaani kilemba chekundu, kwa kuwa ndicho walichokivaa. Ng'ambo ya mpaka Waitaliano nao waliwaandika Wasomali katika vikosi vyao, nao waliitwa dubat, duub cad, kilemba cheupe. Hivyo ndugu wa ukoo mmoja waliweza kutazamana katika mpaka uliochorwa na wageni, tofauti ya utii wao ikiwa ni konsonanti moja ya mwisho na rangi ya kitambaa. Sijui mfano ulio bora zaidi wa kuwafundishia wanafunzi kwamba fonimu moja yaweza kubeba maana nzito.

4. Kuandikwa na kufunzwa

Uandikishaji wa kikoloni ulitawaliwa na imani kwamba yako makabila ya vita na makabila ya kazi. Wakamba na Wakalenjin walipendelewa; Wasomali walisifiwa kwa ushujaa na kulaumiwa kwa kiburi. Kiburi hicho kilikuwa na historia. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imewatenga Wasomali kadha wa mjini na hali ya wenyeji wengine, na katika miaka ya 1930 baadhi yao, hasa Waisaaq, walidai rasmi kuhesabiwa pamoja na Waasia. Katika jeshi ambamo chakula, mshahara na mavazi vilipangwa kwa rangi, dai la kuitwa hivi au vile lilikuwa dai la mshahara na la heshima kwa pamoja.

Kuruta alipofika kambini, jambo la kwanza alilopewa lilikuwa namba, na la pili lugha. Alijifunza kusimama, kugeuka na kubeba bunduki kwa amri za Kiingereza ambazo maana yake alielezwa kwa Kiswahili. Mgawanyo huo umeacha alama hadi leo. Katika Tanzania, ambako jeshi la zamani lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964 na Jeshi la Wananchi likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, gwaride lilifanywa la Kiswahili: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Katika Kenya, ambako batalioni za Keya ziligeuzwa jina tu kuwa Kenya Rifles, amri za gwaride zilibaki za Kiingereza, na Kiswahili kikawa lugha ya hema, ya jikoni na ya matembezi. Nchi mbili jirani, urithi mmoja, maamuzi mawili. Na kila Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, bendera ya kikosi inapopitishwa mbele ya Rais wa Kenya, mwenye kusikiliza huusikia uamuzi huo.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilipanua kazi ya ufundishaji. Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini, na katika Afrika Mashariki yote idadi ilizidi 320,000. Mwaka 1942 kiliundwa kikosi cha elimu cha jeshi, ambacho kilifundisha maelfu kusoma na kuandika. Magazeti ya Kiswahili kwa ajili ya askari yalichapwa, miongoni mwao Askari na Heshima. Kwa wengi kambi ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na baadaye akajulikana kama Jenerali China katika Mau Mau, ni ushahidi kwamba masomo ya kambini hayakuishia pale ambapo mwalimu alikusudia.

5. Garissa katika vita vya 1940 na 1941

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na siku tatu baadaye ndege zake zililipiga bomu Wajir. Mwezi Julai askari wa Keya waliizingirwa katika ngome ya Moyale, wakashikilia kwa siku kadhaa, kisha wakatoroka usiku katikati ya mwezi huo. Sehemu kubwa ya mpaka iliachwa kwa Waitaliano. Ulinzi ulirudishwa nyuma hadi mto Tana na visima vya Wajir. Na Garissa, kituo kidogo cha joto na vumbi, ikawa ghafula mahali ambapo majeshi ya nchi nyingi yalikutana.

Walikuwako watu wa Afrika Mashariki, wa Gold Coast, wa Nigeria na wa Afrika Kusini. Desemba 1940 walishambulia El Wak. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 1941, chini ya Jenerali Alan Cunningham, walivuka mpaka kutoka upande wa Garissa. Afmadu ilichukuliwa tarehe 11 Februari, Kismayu tarehe 14, mto Juba ukavukwa, na tarehe 25 Februari waliingia Mogadishu. Addis Ababa ilifikiwa tarehe 6 Aprili. Kasi hiyo iliwashangaza hata wenyewe.

Kwa upande wa lugha, yafaa kukumbuka jambo moja. Mtu wa Kumasi na mtu wa Machakos hawakuwa na lugha moja. Kila jeshi lilikuja na lugha yake ya amri. Kiswahili cha Keya kilisafiri pamoja na Keya, kikaingia Somalia na Ethiopia na baadaye Burma, kikarudi kimebeba maneno na majina ya mahali. Na mfugaji wa Garissa, ambaye ngamia wake walikunywa katika visima vilevile vilivyotakiwa na malori, aliliona jeshi kubwa kuliko lolote lililowahi kupita nchini mwake, likipita kwenda kupigana katika nchi ya ndugu zake kwa sababu ya ugomvi wa Ulaya.

6. Nishani

Sasa tufike kwenye kilele cha maisha ya askari kama jeshi lenyewe linavyokieleza, yaani siku ya kutuzwa. Neno nishani ni la Kiajemi, lenye maana ya alama. Maana hiyo ya kwanza ndiyo bora kwetu, kwa sababu nishani ni maandishi, nayo yaweza kusomwa kama maandishi mengine.

Tuisome moja. Mwaka 1902 Uingereza ilianzisha nishani ya utumishi wa jumla katika Afrika, ya fedha, na jina la askari lilichongwa pembeni mwake. Kwa kila msafara wa vita palitolewa kipande cha kubandika juu ya utepe, kimeandikwa jina la mahali. Kimoja cha vipande hivyo kinasomeka "Jubaland 1917-18". Asili yake ni hii: mwezi Februari 1916 Waaulihan, wakiongozwa na Abdurrahman Mursaal, walikishambulia kituo cha Serenli kwenye mto Juba, wakamuua Luteni Elliott na askari wengi. Serikali ilikiacha kituo cha Wajir kwa muda, ikaiunda upya batalioni ya 5 ya Keya kwa ajili ya mpaka wa kaskazini, na mwaka 1917 ikapeleka jeshi kuwaadhibu Waaulihan na kuwanyang'anya silaha. Askari wa Kiafrika aliyeshiriki alitoka na kipande cha fedha kifuani. Waaulihan ni watu wa Garissa leo kama walivyokuwa wakati huo. Basi jina la nchi moja liliandikwa mara mbili: mara moja kifuani mwa mshindi kama sifa, na mara moja katika kumbukumbu za wafugaji kama msiba. Anayeisoma nishani asikose kuuliza upande wa pili wake umeandikwa nini.

Nishani zilikuwa pia na ngazi za rangi. Kwa ushujaa mkubwa askari wa Kiafrika alipewa nishani ya DCM, lakini si ileile ya Mwingereza: ilikuwa na jina la kikosi cha King's African Rifles juu yake, na utofauti huo ulidumu hadi mwaka 1942. Katika vita vya Ethiopia ushujaa uliotuzwa kwa heshima ya juu kuliko zote, Victoria Cross, ulikuwa wa Sajini Nigel Gray Leakey wa Keya, mtoto wa walowezi wa Kenya. Tarehe 19 Mei 1941 huko Colito aliruka juu ya vifaru vya Waitaliano, akauawa. Na tuzo yake ilitangazwa Novemba 1945. Hakuna wa kuupunguza ushujaa wake. Lakini hakuna askari wa Kiafrika wa Keya aliyewahi kupewa heshima hiyo, katika vita vile wala katika vingine, na msomaji atajiuliza mwenyewe kama sababu yake ilikuwa upungufu wa ushujaa.

Baada ya vita askari walipewa nyota: ya Afrika kwa waliopigana Somalia na Ethiopia, ya Burma kwa waliofika Burma. Nyota hizo Uingereza ilizitoa bila kuzichonga majina. Hivyo nishani ya zamani ilimtaja askari na kuitaja nchi aliyoishinda, na nyota mpya ilitaja vita tu. Aliyerudi nyumbani nayo akiwa hana kipande cha ardhi alijua tofauti ya alama na kitu chenyewe.

7. Askari, raia na shifta

Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuchunguza maoni ya watu wa NFD iliona kuwa wengi wao walitaka kuungana na Somalia. Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza badala yake jimbo la saba ndani ya Kenya. Mwezi Juni mwaka huohuo Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dida. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujakwisha hali ya hatari ilitangazwa katika Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana kazi yake. Wapiganaji walijiita jeshi la ukombozi. Serikali iliwaita shifta, neno la Ethiopia lenye maana ya jambazi wa porini au mwasi. Neno hilo lilikuwa na faida mbili kwa aliyelichagua: lilikanusha kuwa vita vilikuwa na sababu ya kisiasa, nalo halikuwa na mpaka. Aliyeshika bunduki alikuwa shifta; aliyempa maziwa akawa shifta; na mwisho mtu aliyevaa na kusema kama wao akawa karibu na kuwa shifta. Mwaka 1966 na 1967 wafugaji walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, na vijiji hivyo vikaitwa manyatta, neno la Kimaasai lililopewa watu wasiokuwa Wamaasai. Mifugo iliangamia kwa wingi, kwani ngamia hawezi kulishwa mahali pamoja. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho gaafa Daaba, wakati mambo yaliposimama. Tazama basi: tukio moja lina majina matatu, na hakuna jina hata moja linaloweza kutafsiriwa kwa jingine.

Askari wa Kenya aliyepelekwa huko naye asihukumiwe kwa neno moja. Alikuwa kijana kutoka Kitui au Kericho, asiyejua Kisomali, aliyepita barabara zilizotegwa mabomu, na wenzake walikufa. Alichokuwa nacho cha kuzungumzia na mwenyeji kilikuwa Kiswahili kilekile cha amri: simama, toa, kaa chini, kitambulisho. Lugha ambayo ingeweza kuwa daraja ilitumika kama kizuizi. Na matokeo hayakuishia mwaka 1967. Mwezi Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali na wengi wakauawa. Serikali ilisema kwanza kuwa waliokufa ni 57. Mashahidi walitaja idadi iliyo kubwa mara nyingi zaidi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika juu ya jambo hilo katika ripoti yake ya mwaka 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa makosa yaliyopita.

8. Mwana wa mkoa kileleni

Pamoja na hayo yote, historia hii haikubali kuandikwa kama ya pande mbili zilizotengana. Tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa anga walipojaribu kuipindua serikali, aliyeongoza kikosi cha kuirudisha stesheni ya redio mikononi mwa serikali alikuwa Mahmoud Mohamed, Msomali wa Kenya. Alikabidhiwa jeshi la anga, na kuanzia mwaka 1986 hadi 1996 alikuwa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wasomali wote wa Kenya kuhakikiwa uraia wao na kubeba kadi ya pekee. Na sheria za hali ya hatari katika mkoa ziliendelea hadi mwaka 1991. Kwa hiyo kwa miaka mitano jenerali aliyepigiwa saluti na jeshi zima alikuwa Msomali, na mkoa wa Wasomali ulikuwa chini ya hali ya hatari. Nishani iliweza kumfikia mtu mmoja bila kuwafikia watu wake.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kupitia Liboi, na mwaka uliofuata yalichukua Afmadow na Kismayu. Aliyesoma historia ya 1941 aliijua barabara hiyo. Safari hii bendera ilikuwa ya Kenya, na waliokufa hukumbukwa katika siku ya jeshi inayoadhimishwa kila Oktoba 14. Lakini vita vilirudi nyumbani. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Sisi tunaofundisha katika vyuo hatuwezi kuliandika jina hilo kama jina la mahali pa mbali.

Na kila uandikishaji unapotangazwa, vijana wa Garissa hujipanga uwanjani kama wenzao wa sehemu nyingine. Hupimwa urefu, hupimwa uzito, hukaguliwa meno na miguu, hukimbia, na wachache huchaguliwa kwenda Eldoret kufunzwa. Huko mtoto wa mfugaji hupewa namba na kujifunza kusema afande. Miezi inapotimia, wazazi husafiri kuliona gwaride la kufuzu. Mzazi mwenye kumbukumbu za manyatta hukaa jukwaani akimtazama mwanawe akipita katika sare ileile. Furaha yake ni ya kweli, na ukimya wake ni wa kweli pia.

9. Tamati

Tumeifuata njia ya maneno kutoka kuruta hadi nishani, na tumeona mambo matatu. Kwanza, msamiati wa jeshi katika Kiswahili ni hazina ya historia ya safari ndefu, na neno kama afande lastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule tunaoupa maneno ya ushairi. Pili, katika Kaskazini Mashariki Kiswahili kilitangulia kufika kama lugha ya amri, na jambo hilo lapaswa kuingia katika maelezo yetu juu ya jinsi watu wa huko wanavyokipokea. Tatu, nishani ni alama ya upande mmoja, na mtafiti anayetosheka nayo atakuwa amesoma nusu ya ukurasa.

Kutokana na hayo liko pendekezo la kazi. Wazee waliovaa kilemba chekundu wamekwisha kwenda karibu wote, na waliopigana pande zote mbili kati ya 1963 na 1967 wanazidi kupungua. Maneno yao yakusanywe, kwa Kiswahili, kwa Kisomali na kwa Kiborana, na yaandikwe pamoja na matumizi yake. Mtunga kamusi atakayelifikia neno shifta atakuwa na uchaguzi wa kufanya. Akiandika "jambazi" tu, atakuwa amelifasili neno kwa kinywa cha serikali ya mwaka 1964; akiandika "mpigania uhuru" tu, atakuwa amewasahau waliouawa barabarani na majambazi wa kweli. Ataandika nini? Jibu la haki ni kuandika ni nani aliyelitumia, juu ya nani, na lini. Hiyo ni kazi ndogo ya kitaaluma, lakini kwa watu waliowahi kuitwa kwa jina wasilojichagulia ni aina ya utambuzi ambao hakuna gwaride lililowahi kuutoa.